Sigara Mahali pa Ujenzi

Mtu apitaye penye nyumba ijengwayo, saa nne ya asubuhi, ataona moshi kabla ya kuona ukuta. Waashi wameweka miiko chini, saidia fundi wameketi juu ya mawe, chai yanywewa, na sigara moja yapita katika mikono ya watu watatu. Hapana anayeshangaa. Tumezoea kuona hivyo, hata twadhani ya kuwa moshi ni sehemu ya ujenzi, kama kokoto na maji.

Ndugu wasomaji, nataka leo tuitazame sigara hiyo ya saa nne. Sitaandika juu ya dhambi. Mambo hayo yana mahali pake, na mara nyingi tumeyasema kwa ukali kuliko kwa faida. Nitaandika juu ya mapafu na fedha, na jinsi watu wa nchi nyingine walivyojaribu kuwasaidia mafundi wao kuiacha tumbako pale pale kazini. Kujaribu kwao kulifaa kwa sehemu, na kwa sehemu kulishindwa, na sisi tulio na waume, wana na wanafunzi katika kazi hiyo twaweza kujifunza katika hayo yote mawili.

Katika nchi ya Marekani walihesabiwa wavutaji wa sigara kwa kazi zao, tangu mwaka 2004 hata mwaka 2010. Katika kila watu 100 wenye kazi ya namna yo yote, wapata 20 walikuwa wavutaji. Katika walimu na watu wa maktaba walikuwa wapata 9 tu. Lakini katika watu wa ujenzi na uchimbaji walikuwa 31. Walimu wasijivune upesi kwa hesabu hiyo. Mwalimu hukaa chumbani pamoja na watoto, na kengele ya mapumziko humlilia hata asipoiomba. Mahali pa ujenzi hapana kengele. Kibarua aketiye bure huitwa mvivu, bali aketiye na sigara, mnyapara humwacha mpaka iishe. Kwa njia hiyo kijana hujifunza ya kwamba sigara ndiyo ruhusa ya kupumzika, naye huanza kuvuta ili apate kuketi. Nimewasikia wengi wakisema hivyo wenyewe.

Tena sheria nyingi za kukataza moshi zimeandikwa kwa ajili ya vyumba. Jimbo la Massachusetts, nitakalolitaja sana hapa, lilikataza moshi mahali pa kazi palipofungwa kwa kuta na paa, mwaka 2004. Sheria njema, lakini nyumba isiyo na paa bado, sheria hiyo itaingilia wapi? Upepo wavuma, moshi waenda zake, na kila mtu asema haumdhuru mtu.

Fundi mmoja, jirani yangu, baba wa watoto wanne, nilimwambia neno juu ya sigara zake. Akaniuliza, "Mwalimu, tangu asubuhi mpaka jioni nakata mawe. Nikirudi nyumbani mke wangu hanijui kwa vumbi. Vumbi lile naingiza kifuani kutwa nzima, hapana aliyeniambia niache. Je, hii sigara ndiyo itakayoniua?" Sikuwa na jibu. Nikamwambia kwaheri, nikaenda zangu na aibu kidogo, maana swali lake lilikuwa la haki.

Swali hilo hilo ndilo walilokutana nalo wataalamu wa Massachusetts, na jibu lao lafaa kusimuliwa kirefu.

Walichukua viwanda 15 katika jimbo lile. Katika baadhi yake wafanya kazi walifundishwa kuacha tumbako na kula vizuri, basi. Katika vingine walifundishwa mambo yale yale, lakini pamoja na hayo wakubwa wa viwanda walishauriwa namna ya kupunguza vumbi, moshi na dawa kali zilizokuwamo kazini. Habari zake zikatangazwa mwaka 2002. Katika vibarua na mafundi wavutao wa viwanda vya kwanza, walioacha sigara walikuwa karibu 6 katika kila 100. Katika viwanda vya pili walikuwa karibu 12. Ni maradufu! Mafunzo ya tumbako yalikuwa yale yale. Kilichoongezwa ni kushughulikia hatari za kazi yenyewe. Nami naona sababu yake haifichiki. Mtu akiona ya kuwa bwana wake ajali mapafu yake siku ya kazi, humwamini amwambiapo juu ya sigara. Lakini bwana asiyenunua hata kitambaa cha kufunika pua, akija na karatasi ya kukataza tumbako, watu humcheka nyuma yake. Na hawakosei sana.

Lakini mtu asiseme kwa hayo kwamba vumbi ndilo lenye hatari, na sigara haina neno. Katika mji wa New York alikuwako daktari jina lake Irving Selikoff, aliyewachunguza kwa miaka mingi mafundi wa kufunika mabomba na mitambo kwa asbesto, ule uzi wa mawe usioungua. Yeye na wenziwe walifuata habari za mafundi kama 17,800 wa Marekani na Kanada tangu mwaka 1967 hata 1976, wakahesabu vifo vya saratani ya mapafu. Hesabu yao ilitolewa mwaka 1979, nayo ni hii. Tuseme hatari ya mtu asiyevuta sigara wala kushika asbesto ni 1. Mtu ashikaye asbesto bila kuvuta, hatari yake ni 5. Mtu avutaye bila kushika asbesto, karibu 11. Na mtu afanyaye yote mawili, 53.

Mwalimu wa hesabu atazame tena tarakimu hizo. Tungalitazamia 5 na 11 zijumlishwe, zipate 16. Lakini hazikujumlishwa, zimezidishwa. Sababu moja ni hii: ndani ya njia za pumzi Mungu ametia vinyweleo vidogo mno, visivyoonekana kwa macho, vifagiavyo uchafu kuupandisha juu ili tuuteme. Moshi wa tumbako huvilegeza vinyweleo hivyo. Mwashi avutaye sigara akiwa katika vumbi ni kama mtu aliyefungua mlango kwa mwizi, kisha akamfunga mbwa wake.

Jiwe si asbesto, nami sitaki msomaji achukue hesabu ya asbesto aipake juu ya kila vumbi. Vumbi la jiwe na la zege lina ubaya wake: huingia mapafuni, huyafanya yawe magumu, na mtu mwenye mapafu hayo hushikwa na kifua kikuu kwa urahisi kuliko wenziwe. Tumbako nayo huleta hatari hiyo hiyo ya kifua kikuu. Na asbesto yenyewe haiko mbali nasi. Shule na nyumba nyingi za zamani katika Afrika ya Mashariki ziliezekwa kwa shuka za asbesto, na leo vijana wetu ndio wapandao kuzishusha. Asiikate kwa msumeno, asiivunje ikiwa kavu. Ilowe maji kwanza, na pua na kinywa vifunikwe kwa kinga iliyofanywa kwa kazi hiyo, kwa kuwa kitambaa cha kawaida hakizuii nyuzi zake. Vivyo hivyo jiwe likatwapo kwa mashine, maji hupunguza vumbi sana.

Habari njema ni kwamba hesabu hurudi nyuma pia. Mwaka 2013 ilitangazwa habari nyingine ya mafundi wa asbesto, na wale walioacha sigara walionekana kupungukiwa sana na hatari ya saratani ya mapafu ndani ya miaka 10. Baada ya miaka 30 walikuwa sawa na wenzi wao wa kazi wasiovuta kamwe. Asbesto iliyokwisha kuingia haitoki. Sigara ndiyo iwezayo kuondolewa.

Sasa nieleze jaribio la mafundi wa nyumba. Wataalamu wa Harvard na hospitali ya saratani ya Dana-Farber walishirikiana na vyama vya mafundi wa ujenzi katika Massachusetts, wakaenda katika shule za wanagenzi, yaani vijana wanaojifunza ufundi, mahali 10, wenye wanafunzi 1,213. Karibu 4 katika kila 10 walikuwa wavutaji, nao ni vijana! Hapo nawaomba walimu wa shule zetu za ufundi wasimame kidogo. Twapeleka mtoto ajifunze kupima na kulainisha ukuta, naye hujifunza mambo mawili pamoja, la pili bila ada.

Katika nusu ya mahali hapo vijana walipewa somo moja lililounganisha sumu za kazini na sumu za tumbako. Waliotaka kuacha walikutanika kikundi kwa kikundi pamoja na mtu aliyesomea kazi hiyo, wakapewa bure dawa ya nikotini, na picha za kuwakumbusha zikabandikwa ukutani. Somo lilipokwisha, katika wavutaji 100 wa upande ule walikuwa wameacha 26. Upande usiosaidiwa walikuwa wameacha 17. Ni ushindi. Lakini walipoulizwa tena baada ya miezi 6, tofauti ya pande mbili ilikuwa imepungua hata isiweze kuhesabiwa kuwa ushindi. Waliobaki wakivuta walivuta kidogo kuliko zamani, basi.

Naliposoma habari hiyo mara ya kwanza nilihuzunika. Baadaye niliona ina faida kuliko habari tupu ya kushinda. Yatuonyesha ya kuwa kuacha ni jambo moja, na kukaa bila sigara ni jambo lingine. Na msaada ukikoma mapema, mtu aliyeachwa peke yake katikati ya wavutao hurudi. Twawapigia makofi walioacha siku ya Jumapili ya kwanza, na Jumapili ya ishirini hapana anayewauliza hali.

Vibarua wa kuchanganya zege wana shida nyingine: leo wako hapa, mwezi ujao wako mji mwingine. Utamkusanya nani? Kwa hiyo wataalamu wale wale walijaribu simu. Waliwapigia vibarua wa chama chao katika Marekani, wakazungumza na kila mmoja juu ya mambo yake mwenyewe, wakampelekea na maandiko yaliyoandikwa kwa hali yake. Watu 674 waliingia katika jaribio hilo, na habari zake zilitoka mwaka 2007. Baada ya miezi 6, waliosaidiwa walikuwa wameacha 19 katika kila wavutaji 100, na wasiosaidiwa 8. Hapakuwa na jengo wala mkutano, ni sauti ya mtu aliyejua jina la yule kibarua tu. Simu hata saidia fundi anayo leo, na mzee wa mtaa anayo. Nadhani jambo hili twaweza kulifanya sisi wenyewe bila kungojea mtu.

Juu ya dawa nitasema kidogo. Nikotini ndiyo imfungayo mvutaji. Hufika ubongoni kwa nukta chache tu baada ya pumzi ya kwanza. Mwaka 1967 daktari mmoja wa Sweden, Claes Lundgren, aliona ya kuwa wanamaji wa nyambizi, ambamo moshi hauruhusiwi, walitafuna tumbako badala yake. Akamwandikia rafiki yake Ove Fernö, nalo shauri hilo likazaa ubani wa kutafuna wenye nikotini, uliouzwa kwanza Uswisi mwaka 1978. Siku hizi kuna na bandiko la kubandika juu ya ngozi. Huupa mwili nikotini kidogo kidogo bila lami wala moshi, kisha hupunguzwa. Dawa hizi huongeza nafasi ya kufaulu kwa nusu na zaidi. Shirika la Afya la Dunia liliziandika katika orodha ya dawa za lazima mwaka 2009. Lakini mahali pengi ni ghali, au hazipatikani kwa urahisi, basi aulize kwanza katika zahanati.

Na fedha? Wako wasemao ni vibaya kumlipa mtu afanye lililo jema kwake. Mimi nalikuwa mmoja wao. Lakini kampuni ya General Electric huko Marekani ilikubali kujaribiwa kwa watumishi wake 878 wavutao. Nusu walipewa habari za kuacha tu. Nusu waliahidiwa dola 750 kwa mafungu, fungu kubwa likingoja waliokaa muda mrefu bila kuvuta. Ilipotangazwa mwaka 2009, waliokaa mwaka bila sigara walikuwa karibu 15 katika kila 100 walioahidiwa fedha, na 5 katika wenzao. Hata fedha zilipokoma tofauti haikuisha yote.

Sisi hatuna dola 750. Lakini huko Mindanao, katika Ufilipino, benki moja ilifanya jambo la watu wenye mifuko myembamba. Mvutaji aliweka fedha zake mwenyewe kwa miezi 6, bila riba. Mwisho wake alipimwa mkojo. Akionekana safi alirudishiwa zote, akionekana amevuta fedha zilikwenda kwa maskini. Waliokubali walikuwa wachache, 11 katika kila 100 walioombwa. Lakini mpango ule uliongeza idadi ya walioacha, na hata baada ya mwaka, walipopimwa kwa ghafula, ilionekana bado. Hicho ni kibubu, ndugu zangu, tena kibubu chenye meno. Kikundi cha mafundi kumi walio na mnyapara mwaminifu wataweza kukifanya kwa daftari moja.

Tufanye hesabu ya nyumbani. Tuseme sigara moja ni shilingi 200, na mtu avuta 10 kwa siku. Ni shilingi 2,000. Kwa siku 26 za kazi ni 52,000. Kwa miezi 12 ni 624,000, nasi hatujahesabu siku za kupumzika, ambazo huvuta zaidi. Msomaji aandike bei ya mtaani kwake, kisha amwonyeshe mwenyewe mwenye fedha, kwa upole, si mbele ya wageni.

Mke wa mtu aachaye tumbako yafaa ajue mambo machache. Siku tatu za kwanza ndizo mbaya kuliko zote. Atakuwa mwepesi wa hasira, hatalala vizuri, atakula sana au atakataa chakula. Si uchawi, wala hajachukia nyumba yake. Ni mwili unaodai nikotini, na dai hilo hulegea katika majuma mawili mpaka manne. Watoto waambiwe. Akianguka, asisemwe mbele ya ndugu zake. Wengi walioacha kabisa walijaribu mara nyingi kwanza.

Na msimamizi wa ujenzi, hasa ujenzi wa shule na nyumba zetu wenyewe, ambapo hatuna udhuru, awape watu mapumziko yenye saa yake, mvutaji na asiyevuta sawasawa. Nimesema hapo juu ya kuwa sigara ndiyo ruhusa ya kuketi. Basi ruhusa iwe ya chai. Chai inywewe mahali pasipovutwa, na mwenye kutaka kuvuta aende mbali na wenziwe, na mbali na vijana kwanza. Maji yamwagwe juu ya jiwe likatwalo. Mambo hayo hayana gharama kubwa.

Nalirudi kwa jirani yangu na hesabu ya Daktari Selikoff katika karatasi. Nilimwambia kwanza ya kuwa swali lake lilikuwa la haki, na ya kuwa tutasema na mwenye kazi juu ya vumbi; tukaenda wawili, akapata mpira wa maji na kinga ya pua. Ndipo nikamwonyesha ile 5, na 11, na 53. Aliitazama sana. Akauliza, "Nami nina miaka arobaini na mmoja, Mwalimu, si nimekwisha kuchelewa?" Nikamwambia habari za matabibu wa Uingereza, waliofuatwa kwa miaka 50 tangu mwaka 1951: wavutaji walipoteza kadiri ya miaka 10 ya maisha yao, lakini aliyeacha apatapo miaka 40 alirudishiwa wapata 9 katika hiyo, na aliyeacha apatapo miaka 50 alirudishiwa 6.

Aliacha siku ya Jumatatu. Alikaa siku kumi na moja, akaanguka siku ya kumaliza paa, watu walipokuwa wakifurahi. Hakuniambia, mkewe ndiye aliyeniambia. Sikumwuliza. Baada ya juma moja alikuja mwenyewe, akasema ataanza tena, na mara hii amewaambia saidia fundi wake wasimpe hata akiomba. Mmoja wao, kijana wa miaka kumi na tisa, aliposikia hayo alisema ataacha pamoja naye. Sasa ni mwezi wa tatu. Kila Jumamosi jioni, wakiisha kulipwa, nawapigia simu wote wawili.